Mswada Husomwa Ungali Mswada

Ndugu zetu Waislamu, darsani tumezoea kuisoma fiqhi ya mirathi. Leo twapenda kuisoma sheria ya nchi iliyokaribia kuitoa fiqhi hiyo mikononi mwetu, tupate kujua khatari huingilia mlango gani.

Mwaka 1972 Bunge la Kenya lilipitisha Sheria ya Urithi, ikaanza kutumika tarehe 1 Julai 1981. Makusudio yake yalikuwa kuwaweka watu wa kila dini na kila kabila chini ya kanuni moja. Mwenye kusikia hayo juu juu haoni ubaya. Lakini tazama yaliyokuwamo ndani. Mtu alipokufa bila ya wasia, akaacha mke mmoja na watoto, mke alipewa vyombo vya nyumbani, na mali iliyobaki akaitumia mpaka afe au aolewe tena. Kisha watoto, wa kiume na wa kike, wakagawana sawasawa. Mama wa marehemu hakuwa na fungu. Nasi twajua katika Suratun-Nisaa, aya ya 11 na 12, ya kuwa mke wa aliyeacha watoto ana thumuni, mama ana sudusi, na mtoto wa kiume ana mafungu mawili ya mtoto wa kike.

Malalamiko ya Waislamu yalijibiwa mwaka 1990, miaka 18 baada ya Bunge kuipitisha. Katika kifungu cha 2 yaliongezwa maneno machache: urithi wa aliyekufa hali ya kuwa ni Muislamu utafuata sharia ya Kiislamu. Wengi walifurahi wakaishia hapo. Maneno yanayofuata yasema ya kuwa sehemu ya saba, ya usimamizi wa mali ya marehemu, yamhusu Muislamu pia pale isipopingana na sharia yake. Na ni nani atakayeamua kuwa yapingana? Ni hakimu aliye mbele yako.

Tazama tena Sheria ya Mali ya Wanandoa ya mwaka 2013. Kifungu cha 3 chasema Muislamu "aweza" kuhukumiwa kwa sharia ya Kiislamu. Hakikusema "atahukumiwa". Kwa neno hilo moja mawakili wawili waweza kushindana mwaka mzima, na gharama ni ya wenye kesi!

Basi mswada ukitoka katika Gazeti Rasmi la Serikali, msitosheke na jina lake, kwani majina ya miswada yote ni mazuri. Someni kifungu cha maana ya maneno, na kinachotaja ni nani wahusikao. Kisha kinachompa Waziri uwezo wa kutunga kanuni, kwa kuwa humo huingia mambo ambayo Bunge halikuyajadili kwa urefu. Kisha vile vya mwisho vinavyobadili sheria nyengine.

Wakati wa kusema ni baada ya kusomwa mara ya kwanza, mswada unapokuwa mbele ya kamati. Katiba ya 2010, kifungu cha 118, yalilazimisha Bunge kuwashirikisha wananchi, na kamati hutangaza siku za kupokea maoni. Mara nyingi ni chache. Kulalamika msikitini baada ya Ijumaa hakuifikii kamati. Andikeni kwa Karani wa Bunge, mtaje nambari ya kifungu, dhara mnayoiogopa, na maneno mnayotaka yawekwe mahali pake.