Kiharusi kwa Mtoto Mwenye Selimundu: Upasuaji wa Mshipa wa Ubongo Unasaidia Nani?

Wengi wetu hudhani kiharusi ni ugonjwa wa wazee wenye shinikizo la damu. Lakini hapa pwani, Kilifi hadi Malindi, selimundu imo katika familia nyingi, na mtoto wa miaka mitano aliye nayo anaweza kupooza upande mmoja.

Chembe za damu zenye umbo la mundu huharibu kuta za mishipa mikubwa inayolisha ubongo, na njia ya damu hufinyika polepole. Ubongo hujaribu kujiokoa kwa kuotesha vijimshipa vyembamba vingi. Madaktari wa Japani waliviona kwenye picha vikifanana na moshi, wakaiita hali hiyo moyamoya mwaka 1969. (Jina ni la Kijapani; halihusiani na moyo.) Vijimshipa hivyo ni dhaifu, na mara nyingi havitoshi.

Hapo ndipo upasuaji hufikiriwa. Papasa panja lako, mbele ya sikio: utahisi mshipa ukidunda. Daktari huuchukua mshipa huo wa ngozi ya kichwa, huupitisha kwenye tundu la fuvu na kuushona kwenye mshipa wa ubongo, ili damu ipate njia nyingine. Upana wake ni kama milimita moja, hivyo hushonwa chini ya hadubini kwa uzi mwembamba kuliko unywele. Gazi Yaşargil aliufanya kwa mara ya kwanza Zürich, Uswisi, mwaka 1967. Kwa watoto wadogo, mara nyingi mshipa hulazwa tu juu ya ubongo, na mingine huota kutoka kwake kwa miezi kadhaa.

Upasuaji huu haufufui sehemu ya ubongo iliyokwisha kufa, wala si tiba ya kila kiharusi. Utafiti wa mwaka 1985, wa wagonjwa 1,377 ambao mishipa yao ilikuwa imeziba au kufinyika, haukuona ukizuia kiharusi kingine. Kabla ya kuuza shamba ili mzee apelekwe ng'ambo, muulizeni kwanza daktari bingwa.

Kinga ni rahisi zaidi. Mtoto mwenye selimundu anafaa kupimwa kichwa kwa ultrasaundi kila mwaka, tangu miaka 2 hadi 16. Damu ikienda kasi ya sentimita 200 kwa sekunde au zaidi, hatari ni kubwa. Vidonge vya haidroksiyurea hupunguza kasi hiyo. Kilifi ilikuwa miongoni mwa vituo vinne vya Afrika vilivyoijaribu dawa hii kwa watoto 606. Matokeo ya 2019 yalionyesha maumivu, malaria na vifo vikipungua.

Mkono ukilegea ghafla, mdomo ukipinda au maneno yakipotea, usisubiri, hata dalili zikiisha baada ya dakika kumi. Usianze kwa kutafuta aliyemroga. Mpeleke hospitali, na neno la kwanza mlangoni liwe: "Mtoto huyu ana selimundu."