Kuwachunga Watoto katika Intaneti

Ndugu mzazi uliyehamia Louisville, Columbus au Buffalo, usidhani kuwa serikali ya Marekani imekwisha kukuchujia. Sheria ya mwaka 2000, iliyothibitishwa na Mahakama ya Juu mwaka 2003, huzitaka shule na maktaba zipokeazo ruzuku ya serikali kuu kwa ajili ya intaneti ziweke chujio la kuzuia picha chafu. Nyumbani kwako haiingii.

Basi yakupasa uweke chujio lako, nawe ulijue lilivyo. Lililowekwa katika kifaa kigawacho intaneti ya nyumba halimfuati mtoto atumiapo mtandao wa simu. Simu yataka lake. Tena chujio litazamalo maneno matupu huweza kumzuia binti kusoma habari za saratani ya matiti, na likapitisha uchafu ulioandikwa kwa Kiswahili, lugha lisiyoijua.

Neno la siri alishike mzazi, si mtoto, ambaye mara nyingi ndiye fundi wa nyumba! Kisha keti naye, umweleze kwa upole kilichofungwa na sababu yake, ili akikutana na kibaya aje kukwambia, asikifiche.