Betri ya Moyo: Muulizeni Daktari Kabla ya Kutia Saini

Wadogo zangu, nataka tuzungumze na wale mlioambiwa, "Mzee awekewe betri ya moyo," na fomu ya ridhaa iko mezani inasubiri saini.

Swali la kwanza: betri ipi? Mitaani tunaviita hivyo vifaa viwili tofauti. Pesimeka ni ya moyo unaopiga polepole mno. Inauongezea mapigo, na mzee aliyekuwa akizirai huweza kuona nafuu mapema. Kingine ni cha kushtua moyo. Hicho hukaa kikisubiri mapigo ya kuua, na yakitokea huupiga moyo shoti ili urudi sawa. Hiki ndicho watu wengi hukipokea bila kukielewa. Peke yake hakiponyi moyo uliochoka, hakiondoi kuhema wala miguu kuvimba. Kazi yake ni kuzuia kifo cha ghafla. Kikipiga, wengi husema wamehisi kama teke kifuani, na kuna nyakati hupiga pasipo sababu. Kama baba anategemea kwamba baada ya hapo atapanda ngazi bila kuhema, aambiwe ukweli mapema.

Halafu betri huisha. Pesimeka nyingi hudumu kati ya miaka 7 na 15, kisha ngozi hupasuliwa tena pale chini ya mtulinga ili kifaa kibadilishwe. Arne Larsson wa Sweden, mtu wa kwanza kupandikizwa pesimeka, mwaka 1958, alitumia zaidi ya 20 na akaishi hadi 2001. Kwa hiyo ulizeni gharama ya leo na ya kubadilisha: bima inalipa zote? Na ukaguzi wa kifaa je? Ikiwa kliniki ni ya Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete, Dar es Salaam, nanyi mko Songea, nauli na malazi ya kila safari ni sehemu ya bei.

Ulizeni pia hatari ya vijidudu kuingia kwenye kidonda, waya kuhama, na kama kifaa hicho kinaruhusu kipimo cha MRI. Simu atatumia, ila asiiweke kwenye mfuko wa shati juu ya kifaa.

Linaloniuma ni hili: ndugu wanakaa kikao, wanachanga, kisha mgonjwa anaambiwa tu, "Kesho tunaondoka." Jamani, kifua ni chake! Akae mbele ya daktari, aulize mwenyewe, aelezwe pia itakuwaje akikataa na kubaki na dawa. Ana haki ya kukataa.

La mwisho ni zito, lakini liulizeni angali na nguvu. Shoti za kile kifaa cha kushtua moyo huweza kuzimwa bila upasuaji, ili mtu aliye mahututi kwa ugonjwa usio na tiba asipigwe shoti katika saa zake za mwisho. Baba aseme sasa angependa zizimwe lini, na nani amsemee akishindwa kusema.