Mashua Iliyochakaa: Kutoka Mkuku hadi Benchi

Katika ufuko wa Ushongo, chombo cha baharini hakifi siku moja. Hupandishwa nchi kavu kungojea matengenezo, miaka ikapita, na hatimaye huoza huku misumari yake ikingojea nyayo za watoto. Somo hili laeleza namna mbao hizo zinavyoweza kuwa samani, kama wafanyavyo mafundi wa Lamu na Zanzibar.

1. Uamuzi
Chombo kinachoweza kutiwa kalafati na kuelea tena kisivunjwe, kwani mashua hulisha kaya, benchi halilishi. Mkuku na mataruma yachomwe kwa ncha ya kisu. Ikizama kwa urahisi, ubao umeoza. Aidha, chombo ni mali ya mtu. Ridhaa ya mwenyewe ipatikane kwa maandishi, na Afisa Uvuvi ajulishwe.

2. Kuokoa mbao
Misumari yote ing'olewe kabla ya kupasua, kwa kuwa mmoja uliojificha huvunja meno ya msumeno na waweza kumjeruhi fundi. Mbao zisuguliwe kwa maji yasiyo ya chumvi, maana chumvi huvuta unyevu na kuharibu vanishi. Kisha zipangwe kivulini kwa majuma kadhaa, zikitenganishwa kwa vijiti ili hewa ipite. Jua kali huzipasua.

3. Tahadhari ya rangi
Rangi ya zamani yaweza kuwa na madini ya risasi, ambayo hudhuru ubongo wa mtoto. Isichomwe moto, wala isipigwe msasa ikiwa kavu. Ilowanishwe kwanza, fundi avae barakoa, na mabaki yakusanywe yasiingie baharini. Mbao zenye rangi ya namna hiyo zisitumiwe kuni.

4. Kuunda
Taruma, lililochongwa katika mti uliopinda kwa asili, hufaa kuwa mguu wa benchi. Ubao wa ubavuni huwa kikalio. Viungo vikazwe kwa vijiti vya mbao au skrubu za shaba, kwa sababu chuma hushika kutu upesi penye upepo wa bahari. Omo ya ngalawa, ikisimamishwa wima na kutiwa vibao, huwa rafu.

Kila ubao unaookolewa ufukweni hupunguza haja ya kukata mwingine msituni. Mwenye chombo kilicholala aanze kwa kisu chake: huenda bado kina safari.