Uniti 100 za haidrojeni: ngapi zinarudi Kilolo?

Mhandisi, seli ya haidrojeni ya kwenda na kurudi inafanyaje kazi?

Umeme ukizidi, inatenganisha maji kuwa haidrojeni na oksijeni. Umeme ukipungua, inaziunganisha tena na kutoa umeme na maji.

Nikiingiza uniti 100, nitarudishiwa ngapi?

Kwa seli za kawaida, 30 hadi 40. Kilo moja ya haidrojeni hula uniti 50 hadi 55 na angalau lita 9 za maji. Ukiigeuza kuwa umeme, unapata kama 17. Tazama volti: kutenganisha maji kunahitaji karibu 1.8 kwa kila seli, lakini wakati wa kurudi inatoa 0.7 hivi. Tofauti hiyo inapotea kama joto. Kushindilia gesi kwenye mitungi nako kunakula umeme.

Hakuna aina iliyo bora zaidi?

Ipo ya kauri, inayotumia mvuke kwenye nyuzi 700 hadi 800. Joto hilo husaidia kutenganisha maji, na ufanisi unaweza kuvuka asilimia 50. Ila kauri haipendi kupashwa na kupozwa kila mara.

Basi zahanati ya kijijini Kilolo ichukue nini?

Betri ya lithiamu, bila kusita. Sola ikibakiza uniti 10 mchana, usiku betri inarudisha 8 au 9. Kwa haidrojeni, zahanati ingehitaji paneli zaidi ya mara mbili, na si haki kuitwisha mzigo huo kwa sababu tu teknolojia inavutia.

Lakini mwaka 2024 mitambo ya umeme wa maji nchini ilizimwa kwa sababu umeme ulizidi. Ziada ya masika je?

Hapo haidrojeni ina hoja, kwani betri za kutunza umeme kwa miezi ni ghali mno. Hata hivyo, Bwawa la Mtera tayari hutunza maji ya Ruaha Mkuu, yanayozungusha mitambo ya Mtera na kisha Kidatu. Ningeyaacha humo kwanza. Haidrojeni itengenezwe kwa umeme wa maji ambayo yangemwagika bure bwawa likijaa.

Na joto linalopotea?

Hilo msiliache! Wakati wa kutoa umeme, karibu nusu ya nishati ya gesi hutoka kama joto, na seli za kawaida hutoa la nyuzi 60 hivi. Kwa baridi ya Kilolo ya Juni na Julai, linatosha kupasha maji ya wodi ya wazazi au banda la vifaranga. Atakayewaletea mradi huu bila bomba la maji ya moto, mrudishieni michoro aichore upya.