Kumshikia Mwenzako Darasa la Kwanza

Mwalimu wa Darasa la Kwanza amejifungua. Sheria za kazi za Tanzania zinampa siku 84 za likizo, au 100 akijaliwa mapacha, na mwalimu mkuu amekuita ofisini. Pengine wewe hufundisha hisabati Darasa la Sita na ratiba yako ndiyo ilionekana nyepesi. Pengine umemaliza chuo na unajitolea huku ukisubiri ajira. Wenzako watakutania kwamba umepewa mapumziko: nani ashindwe kufundisha irabu tano? Waache. Wengi wao hawajawahi kukaa na watoto wa miaka sita tangu asubuhi hadi mchana.

Shika jambo moja kabla ya yote: darasa hilo lina mwenyewe. Hukuitwa kulijenga upya. Umeitwa kulilinda lisisimame, ili akirudi alikute linakwenda.

Hatua ya 1: Dai makabidhiano ya kweli

Azimio la kazi, andalio la somo, shajara na kitabu cha mahudhurio utapewa. Pokea vyote, kisha uliza yasiyoandikwa humo. Mtumie mwenzako ujumbe wa simu, maana mzazi mchanga hapigiwi ovyo, umuulize: nani haoni vizuri na lazima akae mbele? Nani ana pumu au kifafa? Nani bado anaelewa lugha ya nyumbani kuliko Kiswahili? Nani haondoki shuleni mpaka bibi yake amfuate? Asubuhi huanza na wimbo upi, na watoto hunyamazishwa kwa ishara gani?

Hayo maswali mawili ya mwisho yanaonekana madogo. Ndiyo yatakayokuokoa.

Hatua ya 2: Fika kabla yao

Tazama kuta, tafuta kopo la vizibo vya soda na vijiti vya kuhesabia, ujue chaki hukaa wapi. Usisogeze dawati hata moja. Chora kwenye karatasi nani anakaa wapi, ujaze majina kadiri unavyoyasikia. Mtoto wa umri huu akiitwa jina lake hugeuka mara moja. Ukimwita “wewe mwenye sweta,” watageuka kumi.

Hatua ya 3: Waambie mwalimu wao yuko wapi

Wakisimama na kuimba ile salamu yao ndefu, “Shikamoo, mwalimu!”, iache ifike mwisho. Itikia, waketishe, kisha waambie ukweli kwa maneno machache: mwalimu wenu ni mzima, amepata mtoto, atarudi likizo yake ikiisha. Usiseme “atarudi karibuni” kwa kuwafariji, kwa sababu kesho yake watamtafuta mlangoni.

Halafu jiandae. Kabla ya saa nne utakuwa umeshaambiwa, “Mwalimu wetu hafanyi hivyo!” Walimu wengi hapo hukasirika, wakaona mamlaka yao yameguswa. Mimi nashauri ufurahi, kwa kuwa mtoto amekupa makabidhiano ambayo ofisi haikuwa nayo. Mjibu, “Anafanyaje? Nioneshe.” Atainuka akuoneshe jinsi madaftari yanavyogawiwa kwa mistari, nani hufuta ubao Jumatano, na jinsi mistari inavyotoka kwenda kunywa uji bila kusukumana.

Bila shaka watakujaribu pia. “Mwalimu wetu huturuhusu kwenda dukani” ni kauli utakayoisikia ukiwa mgeni. Waulize watoto watatu waliokaa mbalimbali. Utaratibu wa kweli wataueleza kwa mikono na miguu, hata kabla hujamaliza kuuliza. Wa uongo utawafanya watazamane kwanza.

Hatua ya 4: Punguza kipindi chako

Kama umezoea dakika 40 za madarasa ya juu, kumbuka kwamba Darasa la Kwanza na la Pili wamepangiwa 30, na awali 20. Hata hizo 30 zikate vipande. Chukua silabi ma, me, mi, mo, mu. Anza na wimbo mfupi, tamka mara chache, kisha waandike herufi hewani kwa kidole, halafu mchangani nje, na mwishoni kabisa kwenye daftari. Mkono uliokwisha kuizunguka herufi hewani hauogopi penseli.

Angalia sana utamkaji. Mtoto anayefundishwa kwa sauti za herufi huunganisha sauti ya m na sauti ya a akapata ma. Ukija wewe na majina ya herufi uliyokaririshwa utotoni, utamvuruga, na mwenzako atatumia wiki kadhaa kurekebisha. Ndiyo maana unapaswa kusoma shajara yake uone alifikaje hapo alipofika. Anayeandika kwa mkono wa kushoto mwache aandike.

Hesabu zifanyike kwa vitu. Vizibo saba, ondoa vitatu, vilivyobaki wavishike. Kama unashika darasa siku moja tu, rudia walichokwisha kujifunza. Mada mpya iache kwa mwenyewe.

Sasa idadi. Mwongozo wa serikali unataka mwalimu mmoja kwa watoto 25 wa awali, na kwa 45 wa msingi. Tangu sera ya elimu bila malipo ianze kutekelezwa mwaka 2016, madarasa ya chini katika shule nyingi yamepita hapo kwa mbali. Watoto mia wakimaliza kuandika kwa pamoja, watakuzunguka kila mmoja akikusukumia daftari usoni, kwa sababu bila alama ya vema kazi haijaisha. Usikae mezani. Wewe ndiye upite kwenye madawati, na ukishindwa kuwafikia wote, sahihisha mistari miwili leo na miwili kesho, ukiwaambia wazi zamu ya nani imefika.

Hatua ya 5: Usishindane na kelele

Sauti yako ikipanda, ya kwao hupanda zaidi. Piga makofi kwa mdundo nao waujibu, au cheza mchezo wa nyama: taja wanyama, waruke kwa anayeliwa, wakae kimya kwa asiyeliwa. Hawawezi kucheza bila kukusikiliza.

Fimbo iache ilipo. Kanuni za mwaka 2002 zinamruhusu mwalimu mkuu kutoa adhabu ya viboko, au mwalimu aliyemteua kwa maandishi, na wewe wa kushikilia huna barua hiyo. Hata ungekuwa nayo, kumpiga mtoto ambaye hujajua analia kwa nini ni kubahatisha. Pipi nazo zisahau. Ukigawa Jumatatu, Jumanne watakagua mifuko yako.

Hatua ya 6: Mkojo, machozi na mashtaka

Anayeomba kwenda chooni aende, tena na mwenzake. Aliyejikojolea mfunge sweta kiunoni, na darasa litoke nje kuimba wakati unamsaidia. Anayelia mpe kazi ya mikono, kama kugawa penseli. Mashtaka ya “mwalimu, huyu kanisema” mengi huisha ukisema umesikia. Lakini mtoto akitaja maumivu, damu, au mtu mzima aliyemshika vibaya, mtoe pembeni, msikilize bila kumhoji sana, umwone mwalimu wa malezi siku hiyo hiyo.

Hatua ya 7: Waage kwa hesabu

Wahesabu kabla ya kengele ya kwenda nyumbani. Asiyefuatwa asiondoke na jirani usiyemjua.

Hatua ya 8: Mwandikie mwenyewe

Jaza shajara kila siku, na pembeni uwe na kijidaftari. Andika silabi mliyofikia, majina ya waliokwama na wamekwama wapi, waliohamia, waliougua, waliong'oka meno ya mbele na sasa hawawezi kutamka s. Kama kuna utaratibu uliulegeza, uandike pia, maana watoto watamwambia kabla hajaketi. Siku anaporudi mpe kijidaftari hicho asubuhi, kabla hajaingia darasani, pamoja na ufunguo wa kabati.