Kukagua Bili ya Maji kwa Kompyuta: Somo la Kuandika Fanksheni Katika Maxima

Nyumba iliyotumia yuniti 20 za maji mwezi uliopita na yuniti 21 mwezi huu, je, bili yake itapanda kidogo au itaruka? Wakazi wengi huamini kwamba ukishaingia ngazi ya juu ya bei, yuniti zote hutozwa bei hiyo ya juu. Sivyo. Katika malipo ya ngazi, kila yuniti hulipiwa bei ya ngazi iliyomo. Hesabu hii inaweza kuandikwa mara moja kwenye kompyuta na kutumika kila mwezi.

Programu inayofaa ni Maxima. Ni ya bure, hufanya kazi kwenye Windows na Linux, na ikishawekwa haihitaji bando. Chimbuko lake ni Macsyma, programu iliyoanza kuandikwa katika chuo cha MIT, Marekani, mwishoni mwa miaka ya 1960. Mwaka 1998, William Schelter wa Chuo Kikuu cha Texas alipata kibali cha kuitoa kwa umma. Tofauti yake na kalkuleta ni kwamba Maxima hufanya hesabu hata kwa herufi ambayo thamani yake bado haijulikani.

Fanksheni ni kanuni yenye jina: hupokea namba na kurudisha jibu. Chukulia bei za mfano (si za kampuni yoyote ya maji): yuniti 6 za kwanza ni shilingi 300 kwa jumla, ya 7 hadi ya 20 ni shilingi 70 kila moja, na zinazozidi hapo ni shilingi 90 kila moja. Yuniti moja ni lita 1,000. Kwenye Maxima huandikwa hivi:

bili(x) := if x <= 6 then 300
  else if x <= 20 then 300 + 70*(x - 6)
  else 1280 + 90*(x - 20);

Ile 1280 ni gharama ya yuniti 20 za kwanza, yaani 300 kujumlisha 70 mara 14. Kukata mistari na kuacha nafasi hakubadilishi chochote, kwa hiyo ni vyema kila ngazi ikae kwenye mstari wake ili kosa lionekane upesi. Nukta mkato hufunga amri. Kinyota cha kuzidisha lazima kiandikwe, kwa maana 90(x - 20) haisomwi kama kuzidisha. Katika dirisha la wxMaxima, Shift na Enter hubonyezwa pamoja ili amri ifanye kazi.

Kosa linalowatatiza wanaoanza ni la alama. Mtu akiandika gharama(x) = 90*x; Maxima hailalamiki. Lakini akiuliza gharama(21). Hurudishiwa maneno yaleyale, gharama(21), bila hesabu. Sababu ni kwamba alama ya = peke yake hutaja mlinganyo tu, haifafanui kitu. Fanksheni hufafanuliwa kwa nukta pacha na sawasawa pamoja, :=, ilhali nukta pacha peke yake huipa herufi au jina thamani. Yeyote anayeona swali lake likirudi lilivyo aanzie kukagua hapo.

Sasa bili(20), hutoa 1280, na bili(21), hutoa 1370. Tofauti ni shilingi 90 tu. Kama yuniti zote 21 zingetozwa 90, bili ingekuwa 1890.

Faida kubwa zaidi ni kurudi nyuma. Bili ikisema shilingi 2000 bila kuonyesha matumizi, mkazi huandika:

solve(1280 + 90*(x - 20) = 2000, x);

Jibu ni x = 28, namba inayoweza kulinganishwa na tofauti ya masomo mawili ya mita. Lakini bili ikiwa 2100, jibu huwa x = 262/9. Maxima haikadirii, hubakiza sehemu kamili. Anayetaka desimali huandika fpprintprec: 4, kuchagua tarakimu nne za kuonyeshwa, kisha float(262/9), naye hupata 29.11.

Sehemu hiyo yenyewe ni habari. Pale ambapo mita husomwa kwa yuniti nzima, matumizi ya 29.11 hayawezekani, hivyo kuna kitu kingine ndani ya hiyo 2100: huenda kodi ya mita, ada ya majitaka au deni la nyuma. Kwa yuniti 29 bili ingekuwa 2090, na shilingi 10 zilizobaki ndizo za kuuliziwa ofisini, pamoja na picha ya mita.

Maxima ikifungwa, fanksheni husahaulika. Faili huhifadhiwa, na ikifunguliwa tena amri zake huendeshwa upya kabla ya kuuliza bili ya mwezi mwingine.